Peoni Molo, wiki ya 13: mizizi imetoka

Mbegu 9 kati ya 24 za peoni, mmea wa maua, zimetoa mzizi. Nimezihesabu mara tatu pale mezani jikoni, nikizigeuza kwa kijiti cha meno. Mzizi mrefu kuliko yote unakaribia urefu wa kidole changu cha mwisho: mweupe, mnene pale unapotokea kwenye ganda, ncha imeanza kujikunja baada ya kufika ukingo wa mkebe. Juu hakuna jani wala dalili ya chipukizi, na kwa sasa ndivyo ninavyotaka.

Mwaka jana nilikosea mpangilio. Nilisikia peoni hupenda baridi, basi mbegu zilipofika tu nikazitia friji. Zikakaa miezi 4 na kutoka vilevile zilivyoingia, nyeusi, ngumu, ukubwa wa njegere. Kumbe mbegu ya peoni hulala mara mbili. Usingizi wa kwanza huvunjwa na joto na unyevu, ndipo mzizi utoke. Wa pili ni wa chipukizi, nao huvunjwa na baridi, ila baridi hiyo haifanyi kazi kabla mzizi haujatoka. Hii yangu ni Paeonia lactiflora, na kwao China na Siberia majira yenyewe hupanga mambo hayo. Hapa Molo, Kenya, tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, usiku tunaota moto, lakini ikifika saa tano jua limeshapasha udongo. Peoni inataka baridi ya wiki nyingi mfululizo.

Mama, aliyelima viazi maisha yake yote, alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia. "Kwa hivyo hii si kama Shangi," akasema. Ndiyo hasa. Shangi, aina ya kiazi, ukichelewa kidogo kuipanda inachipua guniani.

Hizo 9 nimezihamishia kwenye mfuko wenye vamikulaiti (madini mepesi ya kuoteshea mbegu) nyevu, nyevu kiasi kwamba ukiikamua haidondoki tone. Ziko rafu ya chini ya friji, nyuzi 4, mbali na ndizi. Umeme ukipotea hakuna kufungua mlango. Zile 15 zimerudi kwenye rafu iliyo juu ya jiko.

Ninachotafuta ni mche utakaoridhika na baridi fupi. Kila mbegu ni mtoto tofauti, kwa hiyo nitaangalia upi utaamka mapema, huo ndio nitakaouchavusha kwanza. Ua la kwanza huchukua miaka 4 au 5. Namfikiria sana Toichi Itoh wa Japani, aliyefaulu mwaka 1948 kuzalisha chotara wa peoni ya kawaida na peoni mti (ile yenye shina gumu kama la mti), kazi ambayo wengi walikuwa wameishindwa. Alifariki 1956, kabla miche yake haijatoa ua.

Friji hadi wiki ya 25. Mzizi mmoja ulikatika ncha nilipokuwa nauhamisha. Nimeuweka pamoja na wenzake, ukiwa na alama ya uzi mwekundu.