"Anko, kule polisi wanawaachia tu?"

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi. Masanduku mawili bado sijayafungua, yamesimama kwenye korido ya nyumba ya dada yangu hapa Changanyikeni, na kila anayepita anayagonga kwa goti. Nilipoondoka 2009 mwanawe alikuwa chekechea. Nimemkuta yuko mwaka wa pili chuoni, ndevu zimeanza kumtoka, ananiamkia "Shikamoo anko" kwa sauti nzito mpaka nachelewa kuitikia.

Juzi umeme ulikatika, tukahamia barazani. Akanionyesha video kwenye simu: wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani wanamwagika kutoka majukwaani baada ya timu yao ya kikapu kushinda, uwanja unajaa sekunde chache tu, askari wamesimama pembeni wanatazama. Akaniuliza, "Anko, kule polisi wanawaachia tu?"

Nilimjibu juujuu, nilikuwa nimechoka. Lakini swali lile halikuniacha nilale, maana najua linatoka wapi. Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili, boom, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, lilichelewa, tukagoma, na kabla ya saa sita mchana bomu la machozi lilikuwa limeingia chumbani kwetu kupitia dirishani. Tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja alikuwa na pumu. Tulimfunika uso kwa kanga iliyolowa na kumshusha ngazi tukiwa hatuoni mbele. Kwa hiyo mtoto aliyekulia hapa akiona askari ametulia mbele ya wanafunzi elfu wanaokimbia, lazima ashangae.

Jibu langu liko Madison, Wisconsin, nilikosoma na kufundisha Kiswahili darasa la mwaka wa kwanza. Na kati ya miaka yote niliyokaa kule, miezi mitatu ya 2011 ndiyo iliyonifunza zaidi.

Februari 12, Jumamosi, wanafunzi wangu walinipeleka Kohl Center kutazama kikapu. Ohio State walikuja wakiwa namba moja nchini, mechi 24 hawajafungwa hata moja. Kipindi cha pili walituacha kwa pointi 15, nikaanza kuwaza basi la kurudi nyumbani. Mara Jordan Taylor akawaka. Alimaliza na pointi 27, tukashinda 71 kwa 67, na kengele ilipolia sikuamua chochote: miguu yangu ilishuka ngazi kwa sababu watu wote walikuwa wanashuka. Kiatu cha kushoto kilinivuka nikakiacha hukohuko.

Chini kabisa ya ngazi alisimama mhudumu, mzee mwenye mvi. Alikuwa ameshika kamba. Aliitazama ile halaiki inavyokuja, akaiachia kamba, akajibana ukutani, na kwa mkono mmoja akawa anatuonyesha ngazi ya mwisho, "Angalieni hapo, angalieni hapo," kama mtu anayewavusha watoto barabara. Baadaye nilirudi kutafuta kiatu changu nikamkuta bado yupo. Nikamuuliza kwa nini hakutuzuia. Akaniambia alikuwepo uwanja wa futiboli ya Kimarekani, Camp Randall, mwaka 1993.

Wale wa Madison hawahitaji maelezo zaidi ya hapo, ila wasomaji wangu wa huku nitawaeleza. Oktoba 30, 1993, Wisconsin waliifunga Michigan 13 kwa 10. Wanafunzi waliokaa juu wakaanza kushuka kwenda uwanjani. Waliokuwa mbele wakakuta uzio na vyuma, na waliokuwa nyuma hawakuona kwamba mbele kumefungwa, wakaendelea kusukuma. Watu zaidi ya 60 waliumia, wengine wakazimia wakiwa wamebanwa kwa kusimama. Wachezaji wenyewe ndio waliokuwa wakiwachomoa wenzao chini ya vyuma. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Mzee yule alikuwa amebaki na jambo moja tangu siku ile: umati ukishaanza kushuka, ukifunga chini unaua.

Siku mbili baada ya mechi, Februari 14, chama chetu cha walimu wasaidizi kilipeleka kadi za Valentine ofisini kwa gavana Scott Walker, kupinga muswada wa kuwaondolea watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Kesho yake jengo la bunge la jimbo lilijaa. Wanafunzi wale wale niliowaona Kohl Center sasa walikuwa wanalala juu ya marumaru chini ya kuba, na walibaki humo siku nyingi. Nilikwenda nikiwa na hofu ya mtu mwenye viza. Nilichokikuta sikukitarajia. Muswada uliwaacha polisi na zimamoto bila kuwagusa, lakini walikuja wakiwa na mabango yao kuwaunga mkono walimu. Askari wa zamu walikuwa wanawaelekeza watu vyoo viko wapi. Hakuna aliyevunja kioo. Nami nikaanza kuamini kwamba sura ya askari wa kwanza unayekutana naye mlangoni ndiyo inayokufundisha utakuwaje ukiwa ndani.

Halafu ikafika mwisho wa Aprili, sherehe ya mtaa wa Mifflin. Hiyo ina historia yake. Mei 1969 vijana walitaka kucheza muziki barabarani bila kibali, polisi wakaja, na kwa siku tatu mtaa ukawa mabomu ya machozi na virungu. Diwani mmoja kijana, aitwaye Paul Soglin, alikamatwa katika vurumai ile. Miaka minne baadaye akachaguliwa meya. Na 2011, alipokuwa amerudi tena kwenye umeya akiwa mtu mzima, ndiye aliyesema sherehe ile iishe.

Sababu ilikuwepo. Mwaka ule jiji lilikuwa limelegeza: ukivaa ukanda wa mkononi unaoonyesha umefika miaka 21, unaruhusiwa kunywa barabarani. Nilipita saa nane mchana. Binti mmoja wa darasani kwangu aliniona, akaficha kikombe chekundu cha plastiki nyuma ya mgongo na kupiga magoti kidogo, "Shikamoo mwalimu!" Niliitikia marahaba huku nikimtafuta ukanda mkononi, sikuuona. Jioni hiyo watu wawili walichomwa visu. Mwaka uliofuata kutembea na bia iliyofunguliwa kukawa kosa tena, na faini zikaandikwa mchana kutwa.

Hapa mpwa wangu alinikatiza, "Kwani miaka 21? Si ni 18?" Kwetu ni 18. Kule serikali kuu ilipitisha sheria 1984 kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa fedha za barabara. Wisconsin, jimbo la viwanda vya bia, lilisalimu amri Septemba 1986. Lakini hadi leo huko kijana wa miaka 17 anaweza kunywa bia baa akiwa ameketi na mzazi wake, jambo lililomshangaza dada yangu kuliko yote niliyosimulia.

Siku hizi na uwanjani wamekaza. Januari 2024 shabiki aliyekuwa anakimbilia uwanjani Ohio State aligongana na mchezaji Caitlin Clark wa Iowa, Clark akaanguka chini. Mwezi uliofuata Kyle Filipowski wa Duke aliumia goti mashabiki wa Wake Forest walipovamia. Kelele zikawa nyingi. Ligi ya kusini, SEC, sasa inatoza chuo dola 500,000 kila uvamizi, ila inaweza kusamehe kama wageni na waamuzi walipewa muda wa kutoka kwanza. Naipenda hiyo sharti kuliko faini yenyewe. Haimkatazi kijana furaha yake, inamwambia asubiri wenzake wapite.

Lakini ningekudanganya, mpwa wangu, nikiishia hapo. Mei 1, 2024, kwenye chuo kile kile cha Madison, polisi walikuja asubuhi na ngao kubomoa mahema ya wanafunzi waliokuwa wakiandamana kuhusu Gaza. Kupiga kambi kwenye ardhi ya chuo kunakatazwa na kanuni za jimbo, ndiyo. Watu zaidi ya 30 walikamatwa, wakiwemo walimu. Wale hawakuwa wamelewa wala kumkanyaga mtu. Basi usifikiri kule wanawaachia tu. Wanaachia furaha ya mpira kirahisi, na madai wanayaachia siku wanayotaka. Hilo halina tofauti kubwa na sisi: Oktoba 1966 wanafunzi wetu waliandamana na majoho yao kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao kwa mamia.

Ninachokiomba mimi ni kidogo, na nakiomba kwa moyo wote. Machi 2021 nilikuwa mbali nikisoma kwenye simu kwamba watu 45 wamekufa katika msongamano Uwanja wa Uhuru, walipokuwa wamekwenda kumuaga Rais Magufuli. Walikwenda kuomboleza tu. Usiku ule nilimkumbuka yule mzee wa kamba. Huku kwetu tunajadili sana askari wawe wakali au wapole, na ni mara chache nasikia mtu anauliza ni nani ameshika ufunguo wa geti, na amefundishwa kuufungua saa ngapi.

Jumamosi tumepanga kwenda kwa Mkapa, mimi na mpwa wangu. Amenunua tiketi kwa simu yake, amenikataza katakata nisilipe. Nimemwambia tufike mapema, saa mbili kabla. Anadhani nataka kuona timu zikipasha. Nataka tuzunguke kwanza kwa nje, nimwonyeshe geti letu, na lile la pili.