Ninachoandika kwenye kadi ya mbwa asiye na kwao

Kila Jumamosi asubuhi huketi kwenye ngazi ya saruji mbele ya mabanda nikiwa na kalamu na kadi ngumu isiyozidi ukubwa wa kiganja, nikijaribu kumweleza mbwa mmoja kwa sentensi nne. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa nilipoanza kujitolea katika kituo kinachowahifadhi mbwa waliotupwa, waliopotea, au waliorudishwa na watu waliokuwa wamewachukua kwa furaha miezi michache tu kabla. Wenzangu huosha sakafu, hugawa chakula na kuwatoa mbwa kwa matembezi; mimi, ambaye mgongo wangu haunisaidii sana, huandika. Kadi hutundikwa kwenye mlango wa wavu, na nimeona mara nyingi kwamba mgeni huisoma kabla hajamtazama mbwa mwenyewe.

Kwa muda mrefu niliifanya kazi hiyo vibaya. Niliandika habari za banda nikidhani ninaandika habari za mbwa, na kosa hilo ndilo hilo wanalolifanya wageni wengi wanapokuja kuchagua.

Aliyenifumbua macho ni jike mmoja mwenye manyoya ya rangi ya majivu tuliyemwita Kimya. Alikaa nasi wiki tano bila kubweka hata mara moja. Wakati wa chakula, mabanda ya jirani yalipolipuka kwa kelele, yeye alibaki amejikunja kwenye pembe, kidevu sakafuni, macho yakifuatilia miguu ya wapitao. Nikaandika kwamba ni mbwa mtulivu, mpole, asiyependa fujo, anayefaa kwa mtu anayetaka nyumba yenye amani. Mzee mmoja mstaafu aliyeishi peke yake alimchukua siku ya pili tangu kadi itundikwe. Siku ya kumi na tisa akapiga simu. “Mwanangu,” aliniambia, kwa sauti ya mtu anayejizuia asigombe, “huyu si Kimya. Anabweka tangu alfajiri, anamfukuza kila ndege anayetua uani, na jana amenivuta njiani mpaka nikakaa chini. Mmeniuzia mbuzi kwenye gunia.”

Hatukukusudia kumdanganya, lakini alikuwa na haki ya kulalamika. Tuliona mbwa aliyenyamaza, tukamwita mtulivu, ilhali mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mbwa mtulivu hulegea: mwili wake huwa laini, hupumua polepole, hulala ubavu, hunyanyua kichwa jina lake likitajwa kisha hukirudisha chini. Mbwa aliyezidiwa hujikaza. Hula usiku watu wakishaondoka, hukataa kipande cha nyama kilicho mbele ya pua yake, na hulamba midomo mara kwa mara ingawa hakuna alichokula. Kimya alifanya yote hayo, na mimi niliyaona yote, nikayaandika kwa jina la upole.

Ukitaka kuelewa kwa nini, ingia katika jengo la mabanda ufunge macho. Sakafu ni ngumu, kuta hazina kitu cha kumeza sauti, na mbwa mmoja akianza kubweka, wenzake wote humjibu. Kelele katika vituo vya namna hii zimepimwa mara nyingi zikapita desibeli 100, nazo zinaingia katika masikio yanayosikia kuliko yetu: binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, mbwa hufika 45,000. Watafiti waliopima kotisoli, yaani homoni inayopanda mwili unapofadhaika, katika damu ya mbwa wa vituoni, waliikuta juu zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha ikishuka taratibu. Wengine waliwapeleka mbwa kulala usiku mmoja au miwili katika nyumba za walezi wa muda. Kotisoli ilishuka walipokuwa huko, na waliporudishwa bandani ikarudi pale ilipokuwa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Kimya pale kwenye pembe, nikaona haya kidogo kwa jinsi nilivyoisifu hofu yake.

Ajabu ni kwamba jambo hili lina mfano wake mashuhuri, ingawa haukutokea kituoni. Laika, mbwa aliyerushwa angani na Umoja wa Kisovieti tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya chombo cha Sputnik 2, alikuwa jike aliyeokotwa mitaani mjini Moscow. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa mdogo na mwenye tabia tulivu, anayevumilia kufungiwa mahali pembamba bila kuhangaika. Na jina lake, kwa Kirusi, lina maana ya mbwekaji. Alikufa saa chache baada ya kurushwa, kwa joto, na ukweli huo ulitangazwa hadharani mwaka 2002 tu. Kila ninapotaka kuandika kwamba mbwa fulani “anavumilia”, humfikiria, na kalamu husita.

Kuhusu yule mzee, hakumrudisha mbwa. Alichotaka ni mtu wa kuja kumfundisha namna ya kutembea naye bila kuangushwa, jambo ambalo mwenzetu mmoja alilifanya kwa mwezi mzima, pamoja na ruhusa ya kubadili jina. Siku hizi anamwita Kelele.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa aliyetoka kituoni hesabu hiyo haitoshi. Walezi wenye uzoefu huhesabu siku tatu za kushusha pumzi, wiki tatu za kuijua ratiba ya nyumba, na miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwake. Hesabu hiyo imezaliwa kwenye uzoefu zaidi ya maabara, na mbwa wengine huipita na wengine hawaifikii, lakini inaeleza vizuri kwa nini simu ya yule mzee ilikuja siku ya kumi na tisa. Kimya hakuwa ameharibika. Alikuwa ameanza kupona, na sauti yake ilikuwa inarudi.

Kadi zina lugha yake, na ninakiri kwamba nimeisema kwa ufasaha kwa miaka. “Mchangamfu” maana yake atakung’oa bega ukishika kamba. “Anapenda kuwa mbwa pekee nyumbani” maana yake amewahi kupigana. “Anahitaji mwenye uzoefu” ni sentensi ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu huficha jambo moja mahususi, kwa mfano kwamba aliwahi kung’ata mkono uliomshika kola ghafla, ndani ya maneno yanayompendeza msomaji. Nani asiyejiona ana uzoefu? Mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye mbwa huisoma na kujihesabu amefuzu. Laiti kadi ingesema tu kwamba hapendi kushikwa shingoni bila kuonywa, mtu huyo angejua la kufanya, na huenda wasingeumizana.

Mstari wa umri nao una hadithi yake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na kufikia miezi saba hivi meno 42 ya utu uzima huwa yameshatimia, kwa hiyo katika miezi hiyo ya mwanzo daktari wa mifugo anaweza kukadiria vizuri. Baada ya hapo huangalia ugaga wa meno, ukungu wa macho na mvi za usoni, na vyote hivyo hutegemea alikula nini na aliishije. Mbwa aliyetafuna mawe kwa njaa huonekana mzee kinywani akiwa na miaka mitatu. Tunapoandika “miaka mitano”, tunakisia.

Mstari wa aina ni mbaya zaidi, na hapa sina subira. Mgeni huuliza “Huyu ni aina gani?” kabla hajauliza kama anapenda watoto, nasi, ili tusionekane wajinga, humjibu kwa kutazama masikio na mkia. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha mara nyingi kwamba makisio ya macho kwa mbwa chotara hukosea, hata yanapotolewa na watu wa kazi hiyo. Na hata tungepatia, jibu lingesaidia kidogo: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Siku hizi ninaandika “chotara”, nasogea kwenye mstari unaofuata. Wageni wengine huudhika, na niko tayari kuvumilia hilo.

Kuna mistari isiyohitaji ufundi wowote: chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa na tarehe yake, dawa ya minyoo, kuhasiwa, namba yenye tarakimu 15 ya chipu iliyo chini ya ngozi. Mgeni anayeruka mistari hiyo ili afike kwenye tabia humkosea daktari wetu bila kujua.

Tatizo ni tabia yenyewe, kwa sababu hata majaribio yetu hufanyika palepale palipomvuruga mbwa. Vituo vingi vimezoea kumwekea mbwa bakuli la chakula kisha kulisogeza kwa mkono wa plastiki, kuona kama atanguruma. Tafiti zilizowafuatilia mbwa hao baada ya kupata nyumba zimekuta kwamba wengi walionguruma kituoni hawakuonyesha tabia hiyo kwa wenyeji wao wapya, na baadhi ya walionyamaza kituoni walinguruma nyumbani. Sisemi jaribio litupwe. Ninasema kwamba matokeo yake ni habari za Jumanne moja, bandani, mbele ya mkono wa plastiki, na kadi inapaswa kusema hivyo.

Basi nilibadili namna ya kuandika. Sasa kila sentensi ya tabia lazima itaje nani aliona na wapi. Sikubali tena “hapatani na paka”. Nataka nijue kama aliyesema ni mwenyeji wa zamani aliyeishi na paka na mbwa huyo mwaka mzima, au ni mtu aliyemwona akimbwekea paka aliyepita juu ya ukuta. Nimewaomba wenzangu wanaotembea na mbwa waniletee walichokiona barabarani, kwa sababu dakika ishirini nje ya jengo hunieleza zaidi ya wiki nzima mbele ya wavu. Zaidi ya wote nawategemea walezi wa muda, hata wa usiku mmoja, maana wao pekee humwona mbwa akilala kweli. Hupiga simu asubuhi kuniambia mambo ambayo hakuna banda lingeyatoa: kwamba alilia mlango wa bafu ulipofungwa, kwamba anaogopa mwavuli, kwamba alipewa tandiko akalala kando yake sakafuni kana kwamba si lake.

Nilidhani ukweli huo wote ungewafukuza watu. Wapo waliofukuzwa. Familia moja ilisoma kwamba mbwa waliyemtaka hulia anapoachwa peke yake zaidi ya saa mbili, wakatazamana, wakaniambia kwamba wote wawili huwa kazini mchana kutwa, wakaondoka bila mbwa. Mwenzangu mmoja alinilaumu kwamba nimemnyima mnyama nyumba. Nami nilimjibu, labda kwa ukali kuliko ilivyostahili, kwamba nimemwepusha na safari ya tatu kwenye buti ya gari. Mbwa anayerudishwa hubeba neno moja jipya kwenye kadi yake, “amerudishwa”, na wageni hulisoma kama hukumu, ingawa mara nyingi sababu ni mwenye nyumba kuhama, kuugua, au kupata mtoto mwenye mzio. Ndiyo maana sasa sababu huiandika pembeni mwa neno hilo, kwa ukamilifu, ikiwemo ile inayomshusha mbwa hadhi.

Jambo lingine ninalowashauri wageni ni kumtoa mbwa bandani kabla ya kuamua. Watafiti waliochunguza mikutano ya kwanza kati ya mbwa na watu waliofika kuchagua walikuta kwamba mambo mawili yaliambatana na mbwa kuchukuliwa: kulala karibu na mgeni, na kutopuuza mwaliko wa kucheza. Mengi ya wavuni, kuruka, kubweka, kutobweka, hayahesabiki sana mbwa akishakuwa kwenye nyasi. Kwa hiyo nikimwona mtu amesimama mbele ya mlango akisoma kadi yangu kwa mara ya pili, humfuata na kumpa kamba.

Wiki hii nina dume mzee anayebweka tangu mgeni anapoingia langoni hadi anapotoka, na katika miezi minne hakuna aliyesimama mbele ya mlango wake zaidi ya dakika moja. Kadi yake ya zamani, kwa mwandiko wangu, inasema “mchangamfu, anahitaji mwenye uzoefu”. Nimeichana. Mpya inasema hivi:

“Anaitwa Babu. Meno yake yanatufanya tukisie miaka kumi. Amerudishwa mara mbili: mwenyeji wa kwanza alihama, na kwa wa pili alimngurumia mtoto aliyemkumbatia akiwa usingizini. Bandani hubweka mchana kutwa. Kwa mlezi wa muda, siku tatu mfululizo, hakubweka hata mara moja, na usiku alilala ubavu, miguu imenyooka, mbele ya mlango wa chumba.”