Darubini sitaki: nilivyoirudisha kazini Mauser ya baba mkubwa

Kila niliyemwonyesha bunduki hii alikuwa na ushauri uleule mdomoni: "Funga darubini, kijana, mambo ya kulenga kwa macho yamepitwa na wakati." Aliyezidi ni jamaa mmoja mwenye raifo mpya ya bei mbaya. Aliniambia nitoboe matundu manne juu ya bodi, yaani kile chuma kinachobeba bolti, nikate mkono wa bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifunga) niukunje upya, nibadilishe na sefti, ile kufuli ya kuzuia isifyatuke. Ukishafanya hayo yote umebaki na nini? Si bora ukanunue nyingine.

Tuelewane kwanza ni bunduki gani. Ni Mauser ya kuwindia, raifo ya Kijerumani, bolti ya mtindo wa 98, risasi 9.3x62, yaani unene milimita 9.3 na ganda la urefu wa milimita 62. Risasi hiyo ilibuniwa na fundi wa Berlin, Otto Bock, mwaka 1905, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa huku Afrika. Hawakuwa na fedha za kununua bunduki kubwa za Kiingereza, na risasi ya Bock iliingia kwenye bodi ya kawaida ya Mauser bila kuhitaji bodi kubwa ya ghali. Kwa hiyo huku Tanzania iko nyumbani kuliko hao wanaoicheka. Yangu imeandikwa Mauser-Werke, Oberndorf, maana yake ilitengenezwa baada ya 1922, na kwenye mtutu ina chapa ya N yenye taji juu yake. Hiyo N ni ya kupimwa kwa baruti isiyo na moshi, na taji linasema si baada ya 1940, kwa sababu mwaka huo Wajerumani walianza kugonga tai. Baba mkubwa aliinunua miaka ya sitini kwa mkulima wa kahawa wa Oldeani.

Mambo ya mirathi na leseni polisi nayaruka, kila mmiliki anayajua.

Sasa kwa nini sikutaka darubini. Sefti ya Mauser ya zamani ni kile kibawa kilicho nyuma ya bolti. Kutoka kulia kwenda kushoto lazima kipite juu, na ukiweka darubini chini inavyotakiwa, kibawa kinagonga. Ukiinyanyua darubini ili kipite, shavu linaacha kitako na unalenga ukiwa umenyoosha shingo, halafu bunduki hii ina teke. Isitoshe, mimi nawinda kwenye miombo ya Tabora. Ukimwona mnyama kwa mita 80 umebahatika. Darubini ya kuangalia nini?

Kilichonisumbua hasa kilikuwa mti. Miaka yote ile baba mkubwa alikuwa akiimiminia mafuta na kuisimamisha kabatini. Mti wa kitako nyuma ya bodi ulikuwa mweusi, laini, ukiubonyeza kwa ukucha unaingia, na ufa umeshaanza. Mti wa namna hiyo haushiki gundi. Nilisaga chaki, nikaichanganya na spiriti ikawa kama uji mzito, nikaipaka na kuianika juani. Ikikauka inakuwa ya kahawia kwa mafuta iliyoyanyonya. Unaikung'uta, unapaka nyingine, hivyohivyo mpaka chaki inakauka ikiwa nyeupe. Kazi ya kuchosha lakini haina gharama.

Baada ya hapo inatakiwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, mahali ambapo chuma kinakaa kwenye mti, hasa nyuma ya lile jino kubwa la chini ya bodi linalobeba teke. Nilimpelekea fundi seremala wa mtaani, mtu hodari wa makabati. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, gundi haitashika chuma? Akanijibu kwa sauti ya mwalimu: "Mzee, paka oili ya cherehani kidogo tu, itatoka yenyewe." Nami nikiwa nimesimama palepale akamimina, akakaza skrubu, akafuta mikono.

Kesho yake haikutoka. Tuligonga kwa nyundo ya mpira, tukavuta, seremala akapendekeza patasi. Nikasema patasi utaiweka juu ya maiti yangu. Basi nikakumbuka kwamba chuma, mti na gundi vikipoa sana havisinyai sawasawa. Friza kubwa iliyokuwa karibu ni ya mke wangu, anayouzia samaki na barafu za ukwaju. Bunduki nikaizungushia mfuko wa plastiki, nikaisukumia chini ya sato. Bolti nilikuwa nimeifungia kabatini nyumbani, lakini hata hivyo bunduki ni bunduki, huwezi kuiacha kwenye duka usiku ukaenda kulala. Nikaburuta kiti, nikakaa na friza mpaka alfajiri, mbu wakinila. Mama Asha alipokuja kufungua duka alinikuta hapo, akafunua kifuniko, akatazama, akafunika. "Baba Asha, wateja nitawaambia sato hawa wamevuliwa na nini?"

Lakini ilitoka! Pigo moja la nyundo ya mpira chini ya mtutu, ikalia "pa", chuma upande mmoja na mti upande mwingine, na epoksi imebaki kwenye mti ilikotakiwa. Sehemu zilizong'oka nilizirudia mwenyewe, na safari hii nilipaka chuma dawa ya viatu, ile ya kopo, nikaisugua kwa brashi mpaka inang'aa, nikapaka tena. Nta ile haipitishi gundi. Matundu ya skrubu jaza mshumaa au udongo laini. Na nyuma kabisa, pale mkia wa bodi unapoishia kwenye mti, acha uwazi wa unene wa kadi ya benki. Mkia ukigusa mti, kila risasi inakuwa kabari ya kupasulia kitako. Ufa wangu ulitokana na hilo.

Ndani ya mtutu kulikuwa giza. Dawa yenye amonia ya kutoa shaba inayoachwa na risasi, brashi, matambara. Tambara likitoka na rangi ya bluu bado kuna shaba, endelea. Mifereji inayoizungusha risasi ilijitokeza, ina vidoti vya kutu karibu na mdomo lakini mikali. Fundi wa silaha mwenye leseni alipima chemba, pale risasi inapokaa, kwa geji zake, akahakikisha namba ya bolti inalingana na ya bodi, akabadilisha springi ya pini inayogonga fataki, iliyokuwa imechoka. Alinitoza laki na kitu, sikubishana. Hapo usijaribu kubana matumizi. Risasi ya kwanza, tena, haikupigwa begani mwangu: tuliifunga kwenye tairi la lori, tukavuta kifyatulio kwa kamba tukiwa nyuma ya kifusi cha udongo. Ganda lilitoka safi, halikuvimba, fataki yake haikubanjuka.

Risasi zenyewe zipo. Norma wa Sweden na Sellier & Bellot wa Ucheki bado wanazitengeneza. Bei siitaji, Mama Asha anasoma. Ila muwe macho na wauzaji wanaosema "9.3 zote ni moja." Mmoja aliniletea 9.3x74R, ambayo ni ndefu na ina ukingo kwenye kitako, ni ya bunduki za kukunja. Kuna na 9.3x57 iliyo fupi. Soma namba yote.

Halafu ikaja shabaha. Kwa mita 50 risasi zilikusanyika vizuri, ila sentimita 15 juu ya alama. Hapo ndipo wa darubini walipocheka. Risasi za siku hizi zinakwenda mita 720 kwa sekunde, zile za Bock zilikwenda kama 655, na vilengeo vya zamani havina skrubu ya kuzungusha. Dawa ni hesabu ya darasa la saba. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni nusu mita. Milimita 150 za kosa, zidisha kwa nusu, gawa kwa 50, unapata milimita moja na nusu. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kirefuke kiasi hicho, kwa sababu kikipanda, risasi inashuka.

Nilichonga kipya kwa shaba ya njano, nikakiacha kirefu kupita hesabu kwa makusudi, na upande unaotazama jicho nikagundisha kipande cha jino la ngiri niliyempiga kwa leseni. Cheupe pee! Jioni chini ya miti, chuma cheusi kinapotea, jino la ngiri bado unaliona. Uwanjani risasi ya kwanza ikapiga chini ya alama, kama nilivyotaka. Sugua kwa tupa mara mbili, piga, inapanda. Sugua kidogo, piga, inapanda. Nenda taratibu, kwa sababu tupa inaondoa tu, hairudishi. Kwa kulia na kushoto gonga kilengeo cha mbele kifuate kosa: risasi zikienda kulia, nacho kisogee kulia. Sasa kibati cha kilengeo cha nyuma chenye 100 kinapiga mita 100 kweli, na kwa mita 50 iko juu upana wa kidole. Hivyo vya 200 na 300 nimevilaza, Mjerumani alikuwa na matumaini makubwa.

Kiangazi mti ukikauka skrubu hulegea, kaza ya mbele kwanza ndipo ya nyuma. Na kabatini iweke mdomo chini juu ya kitambaa, mafuta yashukie mdomoni, yasirudi kwenye kitako. Ndivyo mti wa baba mkubwa ulivyooza.