Hesabu ya Nyumba ya Leicester Kabla ya Kurudi Tanga

Mume wangu alifariki dunia hapa Leicester, Uingereza, mwezi wa Rajabu, mwaka juzi. Katika miezi minne na siku kumi za eda nilikuwa na neno moja tu moyoni, nalo ni kurudi Tanga, nilikoondoka nikiwa na umri wa miaka 31. Eda imekwisha zamani nami ningali hapa, kwa kuwa nyumba iliyokaliwa miaka 28 ugenini ina haki za watu ndani yake, na haki hizo ndizo zilizonichelewesha.

Nyumba yenyewe tuliinunua kwa mkopo wa benki, kwa majina yetu mawili. Kwa sheria ya Uingereza, nyumba ambayo mume na mke wanaimiliki pamoja bila kugawana sehemu humwendea moja kwa moja yule aliyebaki, wala haiingii katika mirathi. Wakili alinieleza hivyo kwa upole, akaniambia nipeleke cheti cha kifo ili jina la marehemu liondolewe, basi. Hakukosea. Lakini marehemu aliulipa mkopo ule pamoja nami, kwa zamu za usiku katika ghala la mizigo, na mama yake mzazi yu hai, yuko Wete, Pemba. Mwenyezi Mungu amemwekea mama huyo fungu katika mali ya mwanawe, nami sikuona kwamba ninaweza kulifuta eti kwa sababu hati ya nchi hii haikumtaja.

Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu na karatasi zangu zote. Tukakubaliana kwamba nyumba ikishauzwa na mkopo uliobaki ukishalipwa, nusu ya fedha ni yangu mwenyewe na nusu ni ya marehemu. Katika nusu yake tuliondoa kwanza gharama za mazishi na deni alilokuwa akidaiwa na rafiki yake, kwa kuwa deni hutangulia urithi, wasia hakuacha. Kilichobaki kiligawanywa mafungu 24: mimi mke matatu, mama yake manne, na 17 ya watoto wetu wawili, kijana akipata mara mbili ya dada yake. Binti yangu, ambaye ana miaka 23 na anafanya kazi hapa, aliipitia hesabu hiyo usiku mzima, kisha akaniuliza kama bibi yake amekwisha kuambiwa. Swali hilo lilinifariji kuliko yote niliyoyasikia tangu msiba.

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni la kijana. Amezaliwa hapa, ana pasipoti ya Uingereza, na kwa sababu mimi na baba yake tulizaliwa Tanzania na hatukuuacha uraia wetu, yeye pia ni Mtanzania kwa kurithi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamwacha mtoto awe na uraia wa nchi mbili, lakini akitimiza miaka 18 hana budi kuukana ule wa nje, la sivyo wa Tanzania unamtoka. Ana miaka 17 na miezi mitano. Uamuzi huo unagusa hata kiwanja alichotuachia baba yake pale Tanga, maana asiye raia haimiliki ardhi ya Tanzania kama raia anavyoimiliki. Nimemweleza yote haya mara mbili, kwa utulivu, bila kumsukuma. Atabaki kwa dada yake mpaka amalize mitihani, na fungu lake la urithi nimelitenga katika akaunti ambayo siigusi.

Pensheni yangu ya serikali ya Uingereza haikuhitaji maneno mengi. Nimechangia zaidi ya miaka 10 inayotakiwa, kwa hiyo nitalipwa umri ukifika, ila kwa anayeishi Tanzania kiwango hubaki palepale kilipoanzia, hakipandishwi kila mwaka kama cha waliobaki Uingereza. Kibali changu cha kuishi hapa kitakufa nikikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Kaburi la marehemu nalo lina karatasi zake: hapa hununui ardhi, unapewa haki ya kaburi kwa miaka iliyoandikwa, nami nimemhamishia binti yangu haki hiyo, kwa kuwa ndiye atakayekuwa karibu.

Sasa ninafunga mizigo. Vyombo vya nyumbani vilivyotumika vya mtu anayehamisha makazi yake vinasamehewa ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki, kwa hiyo ninaandika orodha ya kila kitu, sufuria kwa sufuria. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati aliyefukuzwa Kampala mwaka 1972 alipopewa pamoja na wenzake siku 90 za kuondoka, huja kunisaidia kukunja mashuka, na bado ananisemesha Kiswahili. Juzi alishika shuka moja muda mrefu, akasema, “Wewe Mungu amekupa nafasi ya kuaga.”

Jana nilimpigia simu mama mkwe, nikamtajia fungu lake. Alinyamaza, kisha akauliza, “Deni lake limelipwa lote, mwanangu?” Nikamjibu kwamba limelipwa lote. Akasema fedha zikifika ataezeka upya ile nyumba aliyozaliwa mwanawe, kabla masika hayajaanza, na akaniomba kanzu za marehemu nisizigawe hapa. Nimezitia katika sanduku la peke yake na kuliandika jina la Wete.