Mikunjo Miwili Chini ya Rangi

Leo asubuhi nilikwenda Ilala, Dar es Salaam, kununua baiskeli ya mbio ya mtumba ambayo nimeidundulizia fedha tangu Januari.

Ilikuwa nyekundu, inang'aa, gia zinaingia bila kelele, na muuzaji aliitaka shilingi 450,000. Nusura nizitoe palepale.

Nikaigeuza magurudumu juu, nikapitisha kidole chini ya bomba refu linaloteremka kutoka kwenye usukani hadi kwenye pedeli. Sentimita chache tu kutoka juu, kidole kikakutana na mikunjo miwili midogo, mfano wa utando wa maziwa yaliyopoa, ambayo kwa macho nisingeiona kwa jinsi rangi ilivyoifunika. Hiyo ni dalili ya baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele, na fremu ya alumini ikishajikunja hivyo si ya kunyooshwa. Ufa huweza kuanzia hapohapo.

Ili nisimsingizie mtu, nilifunga uzi nyuma ya fremu upande mmoja, nikauzungusha mbele na kuurudisha upande wa pili, kisha nikapima nafasi kati yake na bomba la kiti: milimita 31 kulia, 36 kushoto, ilhali fremu iliyonyooka huwa na nafasi sawa pande zote mbili.

"Kaka, hiyo ni rangi tu," muuzaji aliniambia, huku akipafuta kwa kitambaa palepale nilipogusa.

Nimerudi kwa daladala, fedha zote mfukoni, na kidole bado kinaikumbuka ile mikunjo.

Wenzangu mnaoendesha, ninyi huanza kukagua wapi? Na anayejua fremu ya chuma ya sentimita 54 inayouzwa, tafadhali aniambie.