Mteja anafungua tovuti ya samani na hasemi kitu: pa kuanzia kurekebisha

Mteja wa samani hanunui kwa kubonyeza kitufe. Kitanda cha mninga cha tano kwa sita anakiulizia, anapima chumba, anashauriana na wenzake nyumbani, halafu anakwenda Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za samani, kugusa mbao kwa mkono wake. Tovuti ya karakana ina kazi moja tu: aliyefungua ukurasa wa kitanda atume ujumbe wa WhatsApp au apige simu kabla hajarudi Instagram alikotoka. Mengine yote yapimwe kwa hilo.

Kwanza kipimo, maana kipimo kibovu kitakufanya urekebishe kisichoumwa. Google Analytics 4, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, huhesabu kwamba mgeni ameshughulika na tovuti endapo ziara imezidi sekunde 10, au amefungua kurasa mbili, au amefanya tukio (kitendo kama kubonyeza kiungo) uliloliteua kuwa muhimu. Sekunde 10 zinaweza kuwa za mtu anayetafuta bei asiione. Asilimia ikiwa nzuri usiridhike. Hesabu waliobonyeza WhatsApp. Analytics tayari hurekodi mibonyezo ya viungo vinavyotoka nje ya tovuti, ila huichanganya yote pamoja, ya Instagram na ya ramani pia. Kwa hiyo tengeneza tukio jipya lenye sharti kwamba link_domain (kikoa ambako kiungo kinaelekea) ni wa.me, anwani ya viungo vya WhatsApp, kisha liteue kuwa tukio muhimu. Lifanye mapema, kwani halihesabu siku zilizopita. Viungo vya kupiga simu, vile vinavyoanza na tel:, havirekodiwi vyenyewe. Hivyo viwekee kichocheo chake ndani ya Google Tag Manager, chombo cha Google cha kusimamia vipimo vya tovuti.

Jambo lingine linalopotosha wengi: anayebonyeza linki ndani ya WhatsApp mara nyingi huonekana kwenye ripoti kama mtu aliyeandika anwani mwenyewe. Mwenye duka anaamini status hazimletei wateja, kumbe ndizo zinazoleta. Kila linki ya status imalizie na ?utm_source=whatsapp&utm_medium=status, na utawaona.

Sasa ukurasa wenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu huwa na upana wa pikseli kama 4,000 na uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Weka sita za namna hiyo na umemlia mteja bando lake kabla hajaona kitanda. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha) yenye ubora wa 75 hivi (Squoosh hufanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila malipo), na nyingi zitashuka hadi kati ya kilobaiti 100 na 200. Lengo la Google ni kwamba kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, kwa angalau robo tatu ya ziara. Katika ukurasa wa samani, kitu hicho karibu kila mara ni picha ya kwanza.

Hapo ndipo kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema. Wamesikia kwamba loading="lazy" huharakisha ukurasa, wakaiweka kwenye picha zote. Maagizo hayo hukiambia kivinjari kisubiri mpaka mgeni aikaribie picha. Kwa picha za chini ni sawa kabisa, lakini kwa ile ya juu unaichelewesha picha ambayo mgeni ameijia. Iondolee, uipe fetchpriority="high", yaani ipakiwe mapema. Na kila picha iandikiwe width na height. Bila hivyo maandishi yanaruka picha inapoingia, na kidole kilichokuwa kinaelekea kwenye kitufe kinatua pengine.

Zile slaidi zinazojibadilisha juu ya ukurasa ziondoke. Zinashusha picha tano ili mtu aone moja, na ile aliyoanza kuitazama inaondoka akiwa bado anaangalia tendegu.

Ukurasa ukiwa mwepesi na bado unachelewa, tatizo liko kwenye seva: jibu lake la kwanza lisizidi sekunde 0.8. Cloudflare, huduma inayohifadhi nakala za tovuti karibu na mgeni na yenye vituo Nairobi na Dar es Salaam, husaidia, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi picha na mafaili ya mtindo, si HTML yenyewe, yaani maandishi na muundo wa ukurasa. Seva nzito itabaki nzito mpaka uwashe hifadhi ya kurasa huko huko iliko.

Tuje kwenye bei. "Bei njoo DM" ni mazoea ya Instagram yaliyohamia kwenye tovuti, na yanafukuza watu. Asiyeona bei hudhani hawezi kuimudu, au hudhani atapangiwa kwa kumtazama alivyo. Mbao hupanda na kushuka, ni kweli, basi andika "kuanzia" na tarehe ya bei hiyo. Chini yake yafuate yale yanayoulizwa kila siku dukani: aina ya mbao, godoro limo au halimo, siku ngapi za kutengeneza, advansi ni kiasi gani, usafiri unamhusu nani. Vipimo visikomee kwenye "5x6". Hicho ni kipimo cha godoro, yaani takriban sentimita 152 kwa 183. Mteja anahitaji kipimo cha nje cha fremu pamoja na kimo cha ubao wa kichwani, ndivyo vinavyoamua kama kitapita mlangoni na kuacha njia ya kupita chumbani.

Kitufe kisiandikwe "Wasiliana nasi". Kiandikwe "Ulizia kitanda hiki WhatsApp", na kibebe ujumbe ulioandaliwa tayari:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20kitanda%20K14

Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Sifuri ikibaki kiungo kinakufa. Kila bidhaa iwe na namba yake, ili anayejibu asianze kuuliza "kipi hicho?" Kitufe kikae chini ya skrini muda wote, kimo chake kisipungue pikseli 48, na ukurasa uachiwe nafasi ya ziada mwishoni ili kisifunike mstari wa mwisho wa bei. Yale madirisha yanayofumuka kuomba barua pepe mgeni akiwa ndio kwanza ameingia, yafute. Mtu hajaona hata kabati, unamwomba anwani.

Fomu iwepo kwa ajili ya hoteli na ofisi zinazotaka ankara kifani. Jina, simu na mahitaji vinatosha. Sehemu ya simu iwe type="tel" ili kibodi ya namba ifunguke, na herufi za visanduku zisipungue pikseli 16, la sivyo iPhone itakuza ukurasa wote mtu anapogusa kisanduku. Ubaya wa fomu ni kwamba hufa kimya: inasema "imetumwa" huku ujumbe umeangukia kwenye barua taka, kwa sababu seva inatuma kwa jina la kikoa kisicho na SPF wala DKIM, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa. Tuma kwa SMTP (seva ya kutuma barua pepe) ya kikoa chako, na kila Jumatatu ijaze mwenyewe uone kama inafika.

Linki inayotumwa WhatsApp nayo ina sura yake. Weka og:image, picha inayotokea pamoja na linki, ya pikseli 1,200 kwa 630, chini ya kilobaiti 300, iwe picha ya bidhaa ile ile, si nembo. Ukiibadilisha na ile ya zamani ikaendelea kuonekana, ipe faili jina jipya.

Baada ya hapo sakinisha Microsoft Clarity, chombo kinachorekodi wageni wanavyotumia ukurasa, ni bure, uangalie mibonyezo isiyo na jibu. Kwenye samani tarajia kuona watu wakigonga picha mara tatu, nne. Wanataka kuikuza waone maungio na mishipa ya mbao. Wape picha inayokuzika, na moja ya karibu ya kona. Visanduku vya fomu vifichwe kwenye rekodi hizo na wageni waambiwe kwamba zipo, kwani Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukiache wiki mbili, ulinganishe idadi ya waliobonyeza WhatsApp kwa kila ziara mia. Ukibadilisha bei, kitufe na picha siku moja, hutajua kipi kimekuletea wateja.