Siku moja na baiskeli ya maziwa, Amani

Hapa Amani, milimani Usambara Mashariki, saa kumi na nusu alfajiri nalijaza upepo tairi la nyuma. Hadi saa kumi na mbili na nusu nimeshapita nyumba saba kukusanya maziwa, kila mlango ni "Shikamoo bibi" na "Marahaba mwanangu", na lita 40 ziko kwenye keni mbili, moja kila ubavu wa keria, nimezikaza kwa mipira.

Saa moja naanza kuteremka kwenda Sigi, chini ya mlima. Njia ni ya udongo, inapita ndani ya msitu wa hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Mbega wanaruka juu, sisikii kingine ila cheni. Ukungu ukilowesha rimu, breki hazishiki, kwa hiyo penye kona kali nashuka na kuizuia baiskeli kwa kiuno. Mzigo ule ukikutangulia umekwisha.

Saa mbili na robo, hotelini. Mama mwenye hoteli anachovya laktomita, kijiti cha kioo cha kupima uzito wa maziwa. Inasoma 26, namba ndogo kama ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Kijana, leo umetia maji."

Neno hilo linaniuma kuliko mlima. Watu wanaamini kila muuza maziwa ana mto wake njiani. Nikamwambia, "Mama, hayajapoa. Maziwa ya moto ni mepesi, kipimo kinazama." Hakutaka kusikia. Wateja wakageuza shingo, wa chai wakaacha vikombe. Nikaomba jagi, nikamimina kidogo, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, tukasubiri. Huku nahesabu dakika, maana maziwa yasiyopozwa hayangoji mtu, na bado nina wateja wanne mbele. Nikabadilisha maji ya ndoo mara mbili. Tukachovya tena: 29. Mama akaangalia kile kijiti cha kioo, akasema, "Haya, mimina lita kumi." Pole hakusema. Nikamimina.

Wateja waliobaki niliwakuta wamekasirika, mmoja ameshanunua kwingine.

Kurudi sijui ilikuwa saa ngapi. Mvua ilinikuta katikati ya mlima, tope likajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma, nikawa nalichokoa kwa kijiti kila hatua ishirini. Lita tano zilikuwa bado kwenye keni. Nilisukuma tu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshainjika maji. Zile tano tukazichemsha, zikawa mtindi wa watoto. Keni nikazisugua kwa maji ya moto hadi kwenye shingo ambako utando hujificha, nikazigeuza juu ya kichanja. Bibi wa nyumba ya kwanza alishatuma mjukuu kuuliza kama kesho nitapita. Nikamwambia nitapita.